Malori ya Uchochoroni Sanyuanli

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilipanga chumba Sanyuanli, Guangzhou, pamoja na dada mmoja wa Unguja. Sote tulinunua nguo za watoto za kupeleka nyumbani. Yeye alinizidi umri, na alikuwa na pumu.

Chumba kilikuwa juu ya ofisi ya mizigo. Kutwa nzima malori yalipakia marobota chini ya dirisha letu, injini zikiunguruma. Tulifunga dirisha, joto likatushinda. Tulifungua, moshi ukaingia. Mitandio ilinuka dizeli ingali kwenye kamba.

Siku moja nilishuka kumwomba dereva azime. Alitikisa kichwa, akanionyesha betri. Karani wa ofisi, aliyejua Kiingereza kidogo, akanifafanulia: "Akizima, haliwaki tena."

Kisha tangazo likabandikwa ukutani. Karani akatusomea: gari linalopakia lizime injini, la sivyo faini. Mzee mmoja wa mtaa, aliyefungwa kitambaa chekundu mkononi kuonyesha ni msimamizi, akawa anapita akigonga milango ya malori. Mchana huo injini zilizimwa, dada akalala hadi alasiri. Nilikunja nguo taratibu nisimwamshe.

Zamu ya mzigo wetu ilipofika, dereva alizima kama alivyoamriwa. Tulipomaliza kupakia, lori likakataa kuwaka. Bandarini walikuwa wanafunga kupokea mizigo jioni ile. Wapakizi wakaanza kusukuma, nami nikajiunga nao. Dada naye akaja.

"Kaa, dada. Kifua hicho."

"N'takaaje, mdogo wangu, na mzigo ni wetu sote?"

Alisukuma kidogo tu, pumzi zikamwishia. Nikamketisha kwenye ngazi, akavuta dawa yake, nikarudi kusukuma. Lori lilipowaka lilitutemea moshi mweusi usoni. Dereva hakuzima tena. Aliondoka bila kutuangalia. Mzigo uliwahi.

Baadaye yule mzee alichoka, au alihamishwa, sijui. Madereva wakarudia mazoea yao, tangazo likachanika kwa mvua. Sikushuka tena kumwomba mtu. Tulimwomba mwenye nyumba chumba cha nyuma, akatupa kimoja kilichotazama ukuta wa jirani. Mchana tuliwasha taa. Dada alikohoa kidogo zaidi ya kawaida wiki ya kwanza, kisha kikohozi kikapungua. Tulikaa humo hadi tulipomaliza ununuzi, tukarudi nyumbani tumechoka.