Sahani za Wageni

Miaka ile ya wakimbizi kazi yangu ilikuwa kutembelea kaya zilizoelemewa, tuwahi kabla mtoto hajafika pa kulazwa. Mradi ulinipa mama mmoja wa Kirundi, aliyeshukia Kagunga, mpakani, kwa mtumbwi, akapata chumba cha uani Rusimbi, hapa Ujiji. Mwanawe alikonda akabaki macho tu. Kila asubuhi nilipeleka uji wa lishe wa mradi, tukamnywesha kwa kijiko, mpaka siku moja akakaa mwenyewe bila kushikwa. Nilipiga kigelegele peke yangu kama mwehu.

Ndipo tukaambiwa wakubwa wanakuja kutathmini kama msaada wetu bado unahitajika. Nikamwonya yule mama: "Wakija, waache waone chungu kitupu."

"Dada, mgeni aingie kwangu nimwonyeshe chungu kitupu?" akasema. "Nchi nimeiacha. Haya sijaiacha."

Na majirani, wanawake wa Ujiji, wee! Wakisikia mgeni, hawashikiki. Huyu kaleta migebuka, huyu mawese, yule mkeka mpya na sahani za maua anazozitoa Idi kwa Idi. Wakubwa wakala, wakalamba vidole. Mmoja akamtazama mtoto alivyokaa mkekani, akasema kaya hii imeshasimama, nafasi apewe mwingine.

Niliwaka. Nikamwambia mkuu wetu chakula kile ni cha mtaa mzima, kesho humo ndani hamna hata chumvi. Akanijibu eti nimemzoea mno yule mama, ndiyo maana siwezi kupima. Kupima! Mtu kala samaki wa kuazima, halafu anasema kapima. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Wageni wa aina hii hawakuwajua.

Uji ukakatwa. Nilikuwa nampenyezea unga kidogo kutoka kwangu, lakini nami nilikuwa na wanangu. Majirani walitoa walipopata, ila kumlisha mgeni wa siku moja si sawa na kulisha nyumba kila siku. Mtoto akaacha kukaa, akarudi kulala. Mvua zilipoanza akaharisha, na wiki haikuisha.

Msibani walikuja wanawake wale wale, na mkeka ule ule, na sahani zile zile za maua. Yule mama alinivuta mkono, akaninong'oneza: "Dada, wageni wamekula?"

Nikamwambia wamekula, wameshiba.