Wali Ulioshikana

Kwetu Tanga wali ukishikana, mpishi anatafuta pa kuficha uso. Mama alitulea hivyo: mchele upembuliwe, uoshwe, upaliwe makaa juu ya mfuniko, na ukipakuliwa kila punje isimame peke yake. Ukitoka mashendea, mtaa mzima utajua kabla vyombo havijaoshwa. Kwa hiyo asubuhi ile, katika soko la kijijini huko Laos, nilipomwona mama mmoja akipindua wali kwenye ubao ukatoka bonge zima, nilimwonea huruma ya kweli. Nikasema kwa sauti, nikijua hakuna wa kunielewa, "Masikini, wali umemharibikia."

Nilikuwa nimekwenda kutafuta vitambaa vya kufumwa kwa mkono, nije niviuze Durban, ambako mimi na mume wangu tumeishi miaka mingi sasa. Vitambaa nilipata vichache. Nilichopata kwa wingi ni chakula, maana wafumaji wanakaa vijijini, na huwezi kufika kijijini bila kupita sokoni, na mimi sokoni sipiti, nashinda. Wanawake wanatandika bidhaa chini jua likiwa bado changa: samaki wa mtoni waliofungwa kwenye majani ya mgomba na kuchomwa, majani machungu ya kila namna, mapapai mabichi yanayotwangwa kinuni pamoja na pilipili. Kulikuwa na samaki wa kuvundika kwenye mitungi, na harufu yake ilinirudisha nyumbani kwenye papa mkavu. Watalii niliopanda nao gari waliziba pua. Mimi nilisogea karibu.

Yule mama wa wali aliniona namtazama. Akanivuta mkono nikae mkekani kwake, akaniwekea mbele kikapu kidogo cha mianzi chenye mfuniko, wali ukiwa ndani. Nikafanya nilivyozoea: nikachota konzi nzima na kuanza kufinyanga tonge. Akanipiga kikofi mkononi, kama shangazi. Akanionyesha kwamba unamega kidogo tu, unaviringisha kwa ncha za vidole, unachovya kwenye pilipili ya kutwanga, unatia kinywani. Nikala. Ulikuwa mtamu, una ukinzani kidogo kwenye meno, na vidole vyangu vilibaki vikavu. Akanionyesha na mchele uliolowekwa kwenye beseni, akalaza shavu juu ya kiganja kuniambia umelala humo usiku kucha, kisha akanyoosha kidole kwenye mvuke uliotoka kwenye chungu chake. Mvuke tu, wali wenyewe hauchemshwi. Niliitikia kwa kichwa huku moyoni nikisema kitu hiki sitakipika maisha yangu yote. Nikanunua kikapu kwa sababu kilikuwa kizuri.

Kilikaa jikoni kwetu Berea, mtaa wetu wa Durban, juu ya kabati, nikakitumia kuwekea vitunguu saumu.

Kisha mama akafariki, nikamleta baba aje akae nasi. Baba alikuwa kinyozi. Mikono yake ilinyoa nusu ya mtaa wetu kwa wembe, na sikumbuki mtu aliyetoka pale amechunwa. Mikono hiyo sasa ilikuwa inatetemeka. Sisi tunakula sinia moja, tumekaa kwenye mkeka, na wali wangu, niliojivunia, ulikuwa unamtoka vidoleni kabla haujafika mdomoni. Ulimwagikia ndevu, ukamwagikia kanzu. Siku moja binti yangu mdogo akaanza kumwokota punje kifuani, moja moja, taratibu, kwa mapenzi yake tu. Baba alinawa, akainuka, akaenda chumbani.

Tangu siku hiyo akawa anakula peke yake, mlango umefungwa. Sahani ilirudi kama ilivyokwenda. Kanzu zilianza kumpwaya mabegani, nami nikaanza kuogopa. Nilimpelekea kijiko, akakitazama kama nimempelekea jembe. "Siku ya kula wali kwa kijiko nyumbani kwa mwanangu," alisema, "nikatie tiketi nikafie Tanga." Wala msiniulize kuhusu ugali. Nilimsongea. Alikula matonge mawili kwa adabu, akauliza wali utaiva saa ngapi.

Jirani yangu Mkongo, anayesuka nywele mjini, alinikuta nalia kwenye ngazi. Nikamweleza.

"Eish, mama," akasema, "muchele haiko chakula ya mutu muzee. Umupe fufu, atashika bien, muzuri."

Nilicheka katikati ya machozi, kwa sababu baba akipewa fufu, ugali wao wa muhogo, angetembea kwa miguu mpaka Tanga. Lakini lile neno la kushika lilinikaa. Nikaingia jikoni kuosha uso, na macho yakaenda yenyewe juu ya kabati.

Mchele wa aina ile, unaonata, niliupata kwenye duka la Wachina. Mara ya kwanza mkono ulifuata mazoea, nikautia tui la nazi, nikapata gundi. Mara ya pili nikautii ule mkeka wa sokoni: nikauloweka usiku kucha, nikaupika kwa mvuke kwenye chujio lililotandikwa kitambaa. Nikachoma samaki. Nikatwanga pilipili na nyanya za kuchoma na giligilani, vitu ambavyo Durban havikosekani. Nikakung'uta maganda ya vitunguu saumu kwenye kikapu, nikatandika mkeka, nikagonga mlango wa baba.

"Baba, njoo uone. Hiki wenyewe wanakiita wali, mimi sijui."

Alikuja kwa ajili ya ubishi tu. Akakaa, akafunua kikapu, akachungulia. "Huu umekuharibikia."

"Ndivyo unavyopikwa, baba. Megua kidogo."

Akamegua. Mkono ulitetemeka kama kawaida, na wali ukatetemeka nao mpaka ukafika. Akamegua tena. Nilikuwa nimewaonya watoto wasimtazame, lakini nilikuwa namtazama mimi. Alikula, akachovya, akalalamikia pilipili, akala tena. Kanzu ilikuwa safi. Watoto waliingia kwenye kikapu naye, wakagombea samaki, na yeye akawagawia kama zamani alivyotugawia sisi.

Kisha akaviringisha tonge moja vizuri, akalipachika kipande cha samaki, akaninyooshea. Kwetu mzazi akifurahi anakulisha kwa mkono wake, na mara ya mwisho baba kunilisha nilikuwa bado na pengo la meno ya mbele. Mkono ulivuka mkeka mzima ukitikisika, na hakuna kilichoanguka. Nikafungua mdomo.

"Mama yako asijue," akasema.

Nikatafuna huku nalia, nikamwambia hatajua.