Hatua Kumi na Nne Kutoka kwa Mama

Saa mbili na dakika tano asubuhi, mwanamke mmoja amekaa sebuleni na vipokea sauti kichwani, akimtuliza mtu asiyemjua. Mzigo wa mteja umepotea njiani, naye anafoka.

"Pole sana, kaka. Naomba namba ya mzigo, taratibu tu."

Macho yake hayako kwenye kompyuta. Yanatazama korido. Mwisho wa korido hiyo, hatua kumi na nne, ndipo alipolala mama yake.

Majirani wamempachika jina la Redio, kwa kuwa hushinda akizungumza na watu wasioonekana. Ana miaka arobaini na mmoja. Kwa miaka mitatu amekuwa akipokea simu za wateja wa kampuni ya kusafirisha mizigo akiwa nyumbani, kwa intaneti. Hulipwa kwa dakika anazozungumza. Simu zikikatika mara sita ndani ya mwezi, anaondolewa kazini. Mwezi huu zimeshakatika nne.

Tatizo ni nyumba. "Marehemu baba alijenga kama mtu anayesubiri vita," anasema, akigonga ukuta wa zege. WiFi imejaa sebuleni, inachechemea koridoni, na chumbani kwa mama inakufa kabisa.

Mama alipopata kiharusi walikubaliana ishara: akihitaji kitu, agonge kikombe kwa kijiko. Wiki saba zilizopita aligonga. Binti yake alikuwa na mteja mwenye hasira, na kanuni za kazi haziruhusu kumwacha mteja hewani.

"Nilimsikia," anasema. "Hilo ndilo linaloniua. Nilimsikia mara tatu. Nikajisemea, dakika moja tu, mama."

Zilikuwa kumi na moja. Mama alijaribu kushuka kitandani peke yake, akavunjika nyonga. Daktari amesema hatasimama tena, na moyo wake nao unachoka.

Aliporudi na mama kutoka hospitali, alijaribu kufanyia kazi koridoni. Simu mbili zikakatika. Akakimbilia dukani, akanunua kifaa cha kudaka mawimbi na kuyarusha upya, akakichomeka kando ya kitanda. Taa zake zote ziliwaka. Akahamishia meza huko kwa furaha. Kabla ya saa sita mchana, simu nyingine mbili zilikuwa zimekatika.

Fundi wa mitandao aliyekuja kukitazama alicheka, kisha akajuta kucheka.

"Dada, hiki kinarudia kile kinachosikia. Wewe umekiweka mahali pasipo na cha kusikia."

"Yaani nimenunua taa ya chumbani."

"Tena ya kijani."

Binti akamwonyesha fundi, kwenye simu yake, picha ya kifaa kingine chenye antena nane. "Na huyu buibui je?"

"Kwa ukuta huu, hiyo ni miguu tu. Niambie, unataka kasi au unataka isikatike?"

"Nataka kukaa na mama yangu."

Fundi akachukua kalamu. Kisha akamchorea nyuma ya risiti: kisambazaji kidogo cha WiFi, kifungwe darini juu ya kitanda, kiunganishwe na ruta ya sebuleni kwa waya wa mita kumi na nane. Waya huo huo unabeba intaneti na umeme, kwa hiyo hakitegemei kudaka kitu hewani. Ila lazima ukuta utobolewe, ukuta ambao marehemu hakuruhusu upigwe hata msumari.

Binti akaenda kuomba ruhusa. Mama, mdomo umepinda upande, alichukua muda mrefu kuyapata maneno.

"Toboeni. Wa kugomba hayupo."

Shangazi ndiye aliyegomba. Alikuja mwenyewe, akamvuta pembeni. "Mwanangu, uharibu nyumba kwa ajili ya mtu anayeondoka?"

"Ndiyo maana nina haraka, shangazi."

Fundi anakuja Alhamisi. Hadi siku hiyo binti atafanya kazi hapo hapo sebuleni, mlango wa korido ukiwa wazi, akiomba asipate mteja wa maneno mengi.

Mahali pa meza ameshapapima. Itakaa kushoto mwa kitanda, upande ambao mkono wa mama bado unashika.

"Kuandika kwenye kompyuta naweza kwa mkono mmoja," anasema. "Nimeshaanza kujifunza."