Fundi Alipomwonea Wivu Kitinda

Fundi ndiye aliyetangulia kuugua, na hilo alitaka lieleweke. Kabla mdogo wake hajahisi ganzi hata ya kidole, yeye alikuwa na miaka kumi na miwili ya MS, ugonjwa unaokula mishipa ya fahamu, mwilini. Alishaanguka mbele ya wateja, alishajikojolea kwenye foleni, na mguu ulipogoma alihamishia kanyagio la cherehani mezani, akawa analibonyeza kwa kiwiko. Sare za shule tatu zilishonwa kwa kiwiko hicho, na hakuna mzazi aliyewahi kurudisha hata sketi moja.

Kwa hiyo siku Kitinda, mtoto wa mwisho wa mama yao, alipokutwa na ugonjwa uleule, Fundi alilia naye, lakini moyoni alipata kijifaraja kwamba sasa wako wawili. Akamfundisha kukwepa joto, kulala mchana bila kuona haya, na kuwajibu wanaodhani umelewa.

Mwaka wa pili daktari akawaita wote.

"Huyu anafaa kupandikizwa seli shina," alisema, akimwangalia Kitinda. "Tunazivuna kwenye damu yake mwenyewe. Kisha tunaipiga kwa dawa kali ile kinga ya mwili inayoshambulia mishipa yake ya fahamu. Tukimaliza, tunamrudishia seli zake, zijenge kinga upya."

"Na mimi?" Fundi aliuliza.

"Kwako moto ulishapita, dada. Tiba hii huzima moto, haifufui mishipa iliyokwisha kuungua. Ungebeba hatari yote bure."

Fundi akatabasamu, mate yakiwa machungu kama shubiri. Kutangulia si kufika, alijiambia, na mzaha huo haukumchekesha.

Nyumbani mambo yakazidi. Kitinda akikohoa, mama anakurupuka. Fundi akianguka, mama anauliza, "Umeumia?" mikono ikiwa bado kwenye vyombo. Fundi alihesabu yote hayo kimyakimya, roho ikimuuma.

Wiki moja kabla ya kulazwa, Kitinda alikuja chumba cha ushonaji, akaketi juu ya furushi la vitambaa.

"Dada, naogopa. Wewe ndiye unayeujua ugonjwa huu. Ukisema nisiende, siendi."

Fundi alikuwa akikata kola. Hakuinua macho.

"Watu hufa huko. Ukishafutwa kinga, kamdudu kadogo tu kanakumaliza. Na kizazi je, dawa hizo zikikiharibu? Ningekuwa wewe, nisingeenda."

Mengine yote daktari alikuwa ameyasema. Uongo ulikuwa hilo neno la mwisho tu. Yeye angekwenda hata kwa kutambaa.

Kitinda akaahirisha. Miezi mitatu baadaye aliamka mguu wa kushoto ukiwa mzito kama gogo na jicho moja limefunikwa na ukungu. Wakamkimbiza hospitali. Mama alipotoka kutafuta maji ya kunywa, Kitinda alipapasa mkono wa dada yake.

"Afadhali nilikusikiliza. Ningeongezewa na zile dawa, ningekufa."

Shukrani hiyo ilimchoma Fundi kuliko tusi.

"Ungekwenda, huenda haya yasingekupata. Nilikudanganya, mdogo wangu."

"Kuhusu kufa?"

"Hapana. Niliposema nisingeenda. Nilikuonea wivu. Nilitaka tubaki wawili."

Kitinda akageukia ukutani. Mama aliporudi alimkuta hivyo, akadhani ni uchovu.

Safari hii Kitinda hakumuuliza mtu. Alikwenda na mama kwenye upandikizaji, wakakaa hospitalini majuma saba. Fundi alipiga simu kila asubuhi, na kila asubuhi mama alijibu, "Amelala." Siku moja Kitinda akapokea mwenyewe, kwa video. Nywele zilikuwa zimeisha, mdomo mzima vidonda, maji hayapiti.

"Hutamani kuwa mimi leo," alisema kwa sauti ya kukwaruza.

Hilo halikuwa kweli kwa Fundi. Alitamani. Aliona wivu hata wa vidonda vile, kwa sababu vilikuwa na mwisho.

Miaka miwili imepita. Picha za ubongo wa Kitinda hazijaonyesha kovu jipya. Jicho limerudi karibu lote, ingawa akichoka huburuta mguu kidogo, na daktari hajawahi kumwambia kwamba amepona. Fundi sasa yuko kwenye kiti cha magurudumu. Msamaha wa Kitinda ulichukua karibu mwaka, na ulikuja bila sherehe. Aliingia tu chumba cha ushonaji, akaanza kushona vifungo.

Juzi alikuwa akizipanga sketi za kupeleka shuleni. Alishuka ngazi za barazani kwa kuruka mbilimbili, akakumbuka kasahau risiti, akapanda tena kwa mbio. Akamkuta Fundi anaitazama miguu yake.

"Bado unanionea wivu?"

"Kila siku iendayo kwa Mungu."

Kitinda akacheka, akachukua risiti mezani. "Basi nione vizuri," alisema, akashuka tena.