Siku Bi Vermelle Alipompakia Mdogo Wake

"Bi Vermelle, ukipewa bure nyumba moja kati ya hizi zote unazowaonyesha wageni, utachukua ipi?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa na miaka tisa, nimekaa kiti cha mbele cha gari lake la kukokotwa, miguu haifiki chini. Alimgusa nyumbu wake, yule mnyama nusu punda nusu farasi, mgongoni kwa hatamu, taratibu, kama mtu anayepangusa vumbi, akasema, "Nikikujibu leo, kesho utaniuliza nini? Kaa vizuri wewe, usije ukaanguka mama yako akanichuna ngozi."

Basi nikakaa vizuri. Lakini swali sikulisahau, maana mimi ndivyo nilivyo. Mwalimu wetu wa historia hunipa ruhusa ya maswali mawili kwa kipindi, na nikizidisha ananitoa nje.

Bi Vermelle Mazyck ni jirani yetu hapa Charleston. Uzio wa waya kati ya ua wetu na wake umelala chini tangu kimbunga fulani ambacho hata sikumbuki jina lake, na hakuna aliyejisumbua kuusimamisha. Ni mwanamke mrefu, mabega mapana, na sauti yake haihitaji kipaza sauti. Ujanani alikuwa mtandika vitanda hotelini. Siku moja, shuka mkononi, alichungulia dirishani akaona gari la nyumbu limejaa wageni, na mwendeshaji anawasimulia habari huku wanacheka.

"Nikajiambia, Vermelle, mtazame yule. Yeye kakaa, nyumbu ndiye anayetembea, na watu wanampigia makofi. Mimi nimesimama tangu asubuhi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulipigia makofi shuka."

Akafanya mtihani wa jiji wa waongoza wageni, akaanguka. Akafanya tena, akapita. Tangu hapo yuko juu ya kiti kile, kofia ya majani kichwani, chupa ya chai baridi yenye sukari nyingi miguuni. Nyumbu wake anaitwa Shemasi, kwa sababu anatembea kama mtu anayepitisha sahani ya sadaka: hana haraka, na anamtazama kila mmoja usoni.

Wageni wanaupenda mji wetu kwa namna ambayo mimi inanishangaza. Wanapiga picha milango. Wanapiga picha kufuli. Zamani nilikuwa nawacheka, halafu siku moja nikajaribu kupita Mtaa wa Tradd nikijifanya nimeshuka kwenye ndege sasa hivi, natoka Ohio, sijawahi kuona kitu. Mji uligeuka! Nyumba zote zimeupa mtaa ubavu, kama watu waliojisogeza kwenye benchi la kanisa ili mwingine apate nafasi. Veranda juu ya veranda. Mageti ya chuma yamepindwapindwa kuwa majani na zabibu. Yasmini imeangukia ukuta mzima, na chini ya harufu yake kuna harufu ya tope la bahari na ya kamba wanaokaangwa kwa mtu. Kengele zikalia. Nikasimama mdomo wazi mpaka mwanamke mmoja mgeni akaniuliza kama nimepotea.

Mtaa wetu sisi haupo kwenye njia za magari ya nyumbu. Hata hivyo wageni wameufikia. Unawasikia Ijumaa jioni, masanduku yao ya magurudumu yanakwaruza lami. Nyumba ya mzee Rivers imeuzwa, sasa mlangoni ina kitasa cha kubonyeza namba, na kila wiki wanalala watu wengine. Ya akina Gethers imeuzwa. Upande wetu zilibaki mbili, yetu na ya Bi Vermelle, ile yenye veranda ya chini na dari iliyopakwa buluu ili mizuka ipotee njia.

Nilipokuwa na miaka kumi na minne, mdogo wake Bi Vermelle alipiga simu kutoka Philadelphia kusema anataka iuzwe nayo.

Jina lake ni Alphonse, ila huku nyumbani ana jina lake la utoto, Boysie, kama sisi sote tulivyo na majina ya nyumbani ambayo hayaandikwi shuleni. Baba yao alikufa bila kusema nani achukue nini, kwa hiyo nyumba ni ya wote wawili. Na kwa sheria za kwetu, mmoja tu akienda kortini kudai sehemu yake, hakimu anaweza kuamuru nyumba nzima iuzwe, hata kama mwenzake anaishi ndani na sufuria iko jikoni. Familia nyingi zimetolewa hivyo. Bi Vermelle alilijua hilo, na usiku alikuwa anatembea verandani. Nilikuwa nasikia mbao zinalia.

Boysie akasema anakuja Juni waongee ana kwa ana.

"Sitaongea naye," Bi Vermelle alimwambia mama yangu pale kwenye uzio uliolala. "Nitampakia. Nitampandisha kwenye gari langu kama mgeni, nimpitishe kwenye lile geti la chuma alilofua babu yetu, pale Mtaa wa Church. Tulikuwa tunabembea juu yake mpaka tunafukuzwa. Akiliona geti lile ataona haya."

"Na mpira je?" mama akauliza.

"Mungu atauelekeza."

"Vermelle, Mungu ana kazi nyingi."

Habari ya mpira ni hivi. Mwendeshaji hachagui njia. Kila gari likitoka zizini linasimama kwenye kibanda cha jiji, mtu anazungusha mipira midogo ya rangi, mmoja unadondoka, na rangi yake ndiyo njia yako, ili magari yasirundikane mtaa mmoja. Kijani ndiyo inayopita kwenye geti. Ukipewa nyekundu huwezi kuingia kijani hata kama mama yako anaumwa huko.

Boysie alifika. Kumbe ni mtu mwembamba, mpole, fundi mstaafu wa mabasi, amevaa suti nyeupe ya kitani na kofia, amependeza kuliko wageni wenyewe. Magoti yanamsumbua. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumchukia, nikashindwa. Alinisalimia kwa kuvua kofia.

Nilipanda benchi la nyuma, mbele yangu maharusi wawili kutoka Ohio na familia moja yenye watoto wekundu kwa jua. Boysie alikaa mbele karibu na dada yake. Tukafika kibandani. Mipira ikazunguka. Ukadondoka mwekundu.

Bi Vermelle aliutazama kama yai bovu.

"Zungusha tena, Dwight."

"Bi Vermelle, unajua siwezi."

"Ndugu yangu katoka Philadelphia!"

"Hata angetoka mbinguni, Bi Vermelle. Pita, kuna gari nyuma."

Njia nyekundu inapanda upande wa juu, mbali na geti. Ni nzuri, sisemi, makanisa yapo, bustani zipo, lakini hapakuwa na kitu chao pale. Bi Vermelle akaanza kusimulia na nikajua amevurugika, maana alilitaja kanisa moja mara mbili. Kisha akamgeukia mdogo wake na kumnong'oneza. Kunong'ona kwake kunasikika mtaa wa pili.

"Unataka nikalale wapi, Boysie?"

"Dada, sijasema ulale nje. Utapata fungu lako, utafute pazuri. Mimi ngazi za ile nyumba hata kuziwaza tu magoti yanauma."

"Nani kakwambia ulale juu? Chini kuna chumba."

"Paa linavuja."

"Linavuja upande wako."

"Upande wangu upi? Mimi niko Philadelphia!"

"Ndiyo maana linavuja!"

Bibi harusi wa Ohio alimwinamia mumewe. "Wanaigiza?"

"Nadhani imo kwenye bei," mume akasema, akatoa simu kurekodi.

Katikati ya hayo Shemasi akasimama, akapanua miguu ya nyuma, akakojoa. Kinyesi si tatizo, wanyama wetu wanavaa nepi ya turubai. Lakini mkojo una sheria yake: mwendeshaji anadondosha kibendera chenye kitako kizito mahali pale pale, anaita kwa redio ya upepo, na gari la maji linakuja kuosha. Usipofanya hivyo mkaguzi wa jiji anaweza kukusimamisha kazi. Hakuna mwendeshaji anayesahau. Ni kama kusahau kufunga mlango wa choo.

Bi Vermelle akasahau. Alikuwa anamwambia Boysie kwamba mama yao angefufuka ampige kofi, na Shemasi alipomaliza akaondoka zake, nasi tukaondoka naye.

Tulikuwa tumeshakata kona mbili Boysie aliposema, "Dada. Kibendera."

Sijawahi kuona uso ukibadilika vile. Barabara ile ni ya kwenda tu, kurudi hairuhusiwi, na mwendeshaji haruhusiwi kuachia hatamu akashuka. Nyumba iko mikononi mwa mdogo wake, na sasa kazi nayo iko hatarini! Alifunga macho.

"Nipe," Boysie akasema. Akachukua kibendera, akashuka pole pole, mguu mmoja kisha mwingine. "Piga redio, wewe endelea na wageni. Mimi naenda kumfanyia Shemasi heshima zake."

Akaanza kurudi, suti nyeupe, magoti hayataki. Mimi nikaruka nikamfuata. Ningekosaje?

Mahali penyewe palikuwa pa mawe ya zamani, yale ya duara, na kibendera kilikataa kusimama. Kila akikiweka, kinaanguka. Mwishowe Boysie akakishika tu mkononi, akasimama katikati ya mtaa wa matajiri, jua la Juni utosini, kando ya dimbwi, kama mlinzi wa ikulu. Wageni wakaanza kukusanyika. Mmoja akampiga picha.

"Samahani bwana, hapa ni kumbukumbu ya nini?"

"Ya Shemasi," Boysie akajibu bila kucheka.

"Alikuwa nani?"

"Mtu mkubwa. Kapita hapa sasa hivi."

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye ukingo wa barabara. Na hapo ndipo akatokea Bi Ozella, muuza vikapu wa sokoni, vikapu vyake vya nyasi vimejaa mikono yote miwili. Alisimama, akakaza macho.

"Wewe! Wewe si Boysie, mtoto wa marehemu Bertha?"

Uso wa yule mzee ulilegea. Nadhani Philadelphia nzima hakuna anayemwita hivyo.

"Ndiye mimi, Bi Ozella."

"Mwongo! Boysie alikuwa na mashavu. Nani kayala?" Akaweka vikapu chini. "Na umeshika nini hicho? Umeajiriwa na jiji?"

Gari la maji likafika, na dereva kumbe ni mtoto wa mtu aliyesoma na Boysie. Akashuka kumshika mkono badala ya kuosha. Mpishi wa hoteli ya jirani akatoka na aproni. Wageni walikuwa wamesimama pembeni na kamera zao, hawaelewi kitu, na watu wetu wako katikati ya barabara wanataja waliokufa, waliooa, na nani bado hajalipuka kwa unene.

"Umefikia wapi?" Bi Ozella akauliza.

"Nyumbani," Boysie akasema.

"Vizuri. Jumamosi nakuleteeni bamia na kaa."

Boysie akafungua mdomo. Tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya Ijumaa, mimi nilijua, Bi Vermelle alikuwa ameitangaza kwenye uzio kama habari ya msiba. Akaufunga mdomo. "Jumamosi," akasema.

Alikula bamia ile. Jumatatu akaita fundi wa paa, akasimama chini ya ngazi anamwelekeza, na dada yake alipotoka na chai akamwambia, "Habari ya kuuza tutaiongea paa likishaisha." Paa halijaisha mpaka leo. Kila fundi akimaliza upande mmoja, Boysie anaona dosari upande mwingine. Vuli ile alileta vitu vyake vyote, akachukua chumba cha chini. Geti la babu yao alilifuata kwa miguu siku nyingine, mwenyewe, akarudi akasema lina kutu, na anayelitunza aone aibu.

Kuhusu kibendera, mkaguzi hakujua kitu. Ila video ya maharusi wa Ohio imetazamwa na watu wengi, na bado wanakuja wageni wanaoomba gari la wale ndugu wanaogombana. Bi Vermelle huwaambia mmoja kastaafu.

Mimi sasa nina miaka kumi na saba. Majira ya kuchipua mwaka huu tulikuwa verandani kwake tunamenya kamba, mimi na yeye, chini ya ile dari ya buluu, na harufu ya wali mwekundu wa nyanya ulioanza kuungua ikitoka jikoni, alikokuwa Boysie anapika. Nikaona sasa nimekua vya kutosha.

"Bi Vermelle, lile swali langu la nyumba. Utachukua ipi?"

Nilidhani atasema hii hii. Nilikuwa nimeshaandaa uso wa kuguswa.

"Ile ya rangi ya waridi," akasema papo hapo, "ya Mtaa wa Church, yenye veranda tatu na chemchemi uani. Ningekaa wiki moja tu. Asubuhi nataka nikae juu pale na kahawa, gari la nyumbu lipite chini, nimsikie mwendeshaji anavyonisema. Ikiisha wiki nitarudi, maana unasikia mwenyewe huyo anavyouua wali."