Mahakama ya Kando ya Kitanda

Asubuhi ile jirani yangu Kuwabara Shizue alifagia uwanja mara mbili, na haukuwa na hata jani. Nikamtania, "Mama Kuwabara, huo uwanja umekukosea nini?" Hakucheka. Alikuwa roho juu tangu jana yake.

Yeye ndiye karani wa chama chetu cha kutengeneza nyumba za wazee huku milimani Shikoku, Japani, wazee ambao watoto wao wamehamia Osaka. Wanaojitolea hutoka nchi za mbali. Mmoja wao, Anselmo, kijana wa Peru, alianguka kutoka kwenye paa bovu, goti likavunjika. Chama kilijua paa limeoza. Hakuna aliyemwambia.

Mkataba wake ulisema mgogoro wowote utaamuliwa na mahakama ya Zurich. Maneno hayo yalikuja na wafadhili wa Uswisi, na Shizue akayapiga muhuri bila kuyatazama. Msimcheke, sote tungefanya vivyo hivyo. Huku kwetu mtu husoma kifungu cha mwisho tu, kile kisemacho kwamba likizuka jambo, pande zote zitaketi na kuzungumza kwa moyo safi. Mahakama tunawaachia watu waliokosa majirani.

Sasa mwenyekiti, Mzee Tsukada, alikuwa amemkataza kwenda hospitali.

"Ukimwomba radhi tu, umekiri kosa. Ulimi uliponza kichwa, Shizue. Akitaka kushtaki, aende Zurich."

"Aende kwa goti lipi, Mzee?"

"Hilo atajua mwenyewe. Na wewe ukienda kwake, ofisini usirudi."

Kauli hiyo inanikera mpaka leo. Kijana alikuwa anarudishwa kwao Jumapili, anachechemea, wala hakuna aliyemsikiliza. Na Shizue ni mjane, kazi ile ndiyo iliyomlisha.

Alichemsha chai, akaiacha ipoe. Akavaa viatu, akavua, akavaa tena. Mwishowe akanunua boksi la keki za maharage, lile tunalobeba tukienda kuomba radhi, akaniburuta twende wote.

Wodini aliinama mpaka nikahofia kiuno chake. "Mwanangu, tulijua paa limeoza. Tumekukosea."

Anselmo alitazama ukuta. "Mama, nimeambiwa maneno yangu niyapeleke Zurich."

"Ndivyo mkataba unavyosema. Lakini unasema pia tuketi kwanza, na hilo niliandika kwa mkono wangu." Akavuta kigoda, akaketi, akatoa karatasi na muhuri wa chama. "Sema yote. Nitaandika yako na yangu, nitapiga muhuri, uondoke nayo."

Kijana alianza kwa kusitasita, kisha maneno yakafumuka. Alikuwa bado anasema simu ya Shizue ilipolia. Sauti ya Mzee Tsukada niliisikia hadi pale niliposimama.

"Uko wapi wewe?"

"Mahakamani, Mzee."

Akaizima simu, akachukua tena kalamu. "Haya, mwanangu. Ulikuwa umefika kwenye ngazi."