Utosi wa Barasa

Stovu ya mafuta ya taa ikizimwa hutoa moshi mweupe, mchungu, unaoingia puani na kukaa hapo kama mgeni asiyejua kuaga. Siku hizi napikia gesi, lakini jirani yangu hapa Kawangware bado ana stovu, na kila asubuhi akiipuliza, moshi wake hupita chini ya mlango wangu bila hodi. Nikiunusa tu nina miaka tisa tena. Niko Soweto West kule Kibera, nimeshika kikombe kitupu nikingoja chai ambayo haikuiva, kwa sababu mama alizima stovu maji yakiwa bado vuguvugu na kusema, "Nekesa, niitie Mama Odhis. Mtoto ana moto."

Mtoto alikuwa Barasa, ndugu yangu. Alikuwa hajafikisha mwaka. Alikuwa ameanza kusema "ba-ba-ba" kwa kila aliyepita, pamoja na kuku wa mwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga, jambo lililomuudhi baba kidogo. Baba alikuwa ametoka Bungoma kuja kuchanganya simiti kwenye mijengo ya watu, na alitarajia kwamba angalau neno hilo lingekuwa lake peke yake.

Mama Odhis alikaa milango michache kutoka kwetu. Aliuza omena, na mikono yake ilinuka samaki hata Jumapili akitoka kanisani. Lakini mikono hiyo ilikuwa na kazi nyingine: kusoma utosi. Mtoto yeyote wa ploti akiugua, awe wa Mluhya, wa Mluo au wa Mkamba, aliletwa kwake kwanza. Alikuwa akiweka kiganja juu ya kichwa, pale palipo laini ambapo mfupa haujafunga, kisha anafumba macho kama mtu anayesikiliza redio ya mbali. Utosi ukiwa umebonyea, alifoka: "Kimbia hospitali, na usisimame kusalimia mtu!" Hata sisi watoto tulijua kwa nini. Katika vichochoro vile, kuhara kuliweza kukausha mtoto kabla mama yake hajapata nauli, na utosi ulioshuka ndio uliokuwa king'ora chetu. Kuna wanaume wenye ndevu leo ambao wako hai kwa sababu kiganja kile kiliwahi kushtuka.

Siku hiyo alikuja akijipangusa mikono kwa leso. Barasa alikuwa mapajani mwa mama, macho yamefumba nusu, amechoka kulia. Mama Odhis akaweka kiganja, akafumba macho. Kisha akacheka.

"Yawa, Mama Nekesa, unatutisha bure! Utosi umejaa. Umefura kama chapati."

"Umeangalia vizuri?"

"Si ushike mwenyewe."

Mama akashika. Mimi nami nikashika, maana hakuna aliyenikataza. Palikuwa pamejaa kweli, pamekaza, pana joto. Nilifurahi. Nilimwona ndugu yangu kama mtungi uliojazwa hadi shingoni, na katika nyumba yetu mtungi uliojaa ulikuwa habari njema siku zote.

Mama hakuwa mtu wa kuridhika na neno la kwanza. Aliuza sukuma wiki kando ya reli, na sikumbuki akinunua kitu chochote kwa bei aliyotajiwa. Akauliza tena, "Na huu moto je?"

"Ni meno. Ama homa tu. Mpe dawa ya homa, mpanguse na maji. Angekuwa mbaya, hapa pangekuwa shimo."

Basi tukatulia. Joto lilishuka mchana, likarudi jioni, na sisi tukaliona kama mteja anayezunguka soko kabla ya kununua: ataondoka tu.

Kesho yake Barasa alilia kilio ambacho sikuwa nimewahi kukisikia, chembamba na kirefu, kama cha paka aliyefunikwa na karai. Akatapika maziwa. Mama alipomwinua kumbadilisha nepi, badala ya kunyamaza alilia zaidi, na nadhani ni hapo mama aliposhtuka, kwa kuwa mtoto hubembelezwa kwa kuinuliwa, haumizwi. Kisha shingo ikakakamaa, macho yakageuka juu, na mkono mmoja ukaanza kurukaruka wenyewe. Mama hakumwita mtu yeyote. Alimkumbatia kifuani akatoka mbio na viatu visivyolingana, mimi nyuma yake nikikanyaga maji machafu bila kujali ni ya nani.

Hospitalini daktari kijana alisema anataka kumchoma Barasa sindano ya mgongo, atoe maji ya uti wa mgongo ayapime. Sasa, Kibera nzima ilijua kwamba sindano ya mgongo hulemaza mtu. Hakuna aliyekuwa amemwona huyo mtu, lakini kila mmoja alikuwa na binamu aliyemwona. Mama akafanya kile alichokijua.

"Toa damu kwa kidole, daktari."

"Haitoshi, mama."

"Basi mkononi. Hata mikono yote miwili, chukua."

"Mama, hapa hatupunguziani. Tukiendelea kubishana, mtoto anaisha."

Mama alimkazia macho, vile alivyokuwa akimkazia mwenye gunia la sukuma kuona kama bado kuna nafasi ya kushuka. Hakukuwa na nafasi. "Haya," akasema. Maji yaliyotoka, aliniambia miaka mingi baadaye, yalikuwa na ukungu kama maji ya kuoshea mchele. Yalitakiwa kuwa safi.

Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Watoto hawakuruhusiwa wodini, kwa hiyo nilikuwa naachwa kwenye benchi la nje, penye harufu ya dawa ya kusugulia sakafu. Siku moja Mama Odhis alifika na chupa ya uji wa wimbi, leso yake mpya, sauti yake ikimtangulia kwenye korido. Hakukawia. Alitoka kimya, na chupa ilikuwa bado imejaa. Niliona jinsi ilivyomvuta mkono. Akanipita bila kuniona. Nilidhani Barasa ameukataa uji, nikasikitika kwamba hata mimi sikuonjeshwa.

Barasa hakufa. Alirudi nyumbani na shingo nyembamba kama kikonyo cha sukuma na mapaja yenye madoa ya sindano. Ploti ilimpokea kwa nyimbo, baba akanunua kuku, si yule wa mwenye ploti. Ila "ba-ba-ba" haikurudi. Nilimwita nikiwa nyuma yake, hakugeuka.

"Amekaa na wakubwa wa hospitali," baba akasema. "Sasa hatujui tena."

"Ni kichwa ngumu tu," mama akasema. "Na hicho hakutoa kwetu."

Kisha alasiri moja ikanyesha mvua ya mawe. Aliyewahi kukaa chini ya mabati anajua: huwa si mvua tena, ni kokoto zinazomwagwa kutoka kwa lori. Tuliziba masikio. Kuku wa mwenye ploti aliingia bila kukaribishwa. Baba alikuwa akipaza sauti kusema jambo, tukaona midomo tu. Na Barasa alikuwa ameketi juu ya gunia, ametupa mgongo, anageuza kifuniko cha sufuria polepole, ametulia kama mtu aliye kanisani peke yake. Jiwe moja la barafu likateleza chini ya mlango likamgusa mguu. Akashtuka, kwa baridi.

Mama alimwona. Akachukua sufuria na mwiko, akasimama nyuma yake akapiga. Akapiga tena. Mvua ikaisha, mama bado anapiga, majirani wakatoka mmoja mmoja kuuliza kuna nini. Ploti nzima ilisikia ile sufuria, isipokuwa yeye.

Baada ya hapo Mama Odhis aliacha kushika watoto. Akina mama walipomletea, alificha mikono ndani ya leso na kusema, "Mikono yangu siku hizi ina baridi. Nendeni kliniki." Wengine walisema anaringa. Sisi watoto tulisema ameokoka upya na kanisa limemkataza.

Nasi tukahama. Upande wa Riruta kulikuwa na shule yenye darasa la viziwi, na mama akatafuta chumba Kawangware ili Barasa aende kwa miguu. Mwenye ploti, bibi mzee wa Kikuyu tuliyemwita Cucu, alisitasita.

"Huyu mtoto hupiga nduru?"

"Hupiga, Cucu. Lakini hatawahi kulalamika juu ya redio yako."

Cucu akacheka hadi akapunguza kodi, na hapo tukakaa.

Leo Barasa ni fundi wa viatu. Ana kibanda kando ya changu, mimi nikiuza viatu vya mitumba naye akishona vilivyochanika. Huongea kwa mikono, na akikasirika mikono hiyo hutukana vizuri sana. Wateja humjia na maneno yao yote matamu, yeye hutabasamu na kuinua vidole vilevile vya bei. Nimefanya biashara miaka mingi, ila nguvu hiyo ya kutosikia "punguza" sina.

Mwaka jana nilimpeleka binti yangu mchanga kliniki ya Riruta, mama akanisindikiza. Mimi siachi kuuliza ninachopewa, kwa hiyo nilimuuliza sista kuna nini ndani ya ile sindano ya paja. Akanieleza kwamba ina kinga ya magonjwa matano kwa mpigo mmoja, na kinga mojawapo ni ya kijidudu kiitwacho Haemophilus, ambacho hukaa puani na kooni mwa watu wenye afya bila kuwasumbua, kisha humpata mtoto mdogo na kumletea nimonia au homa ya uti wa mgongo. Wanaopona, wengine hubaki viziwi. Zamani, akasema, sindano hii haikuwepo kwenye kliniki zetu.

"Na utosi?" nikauliza. "Utosi huwaje?"

"Hujaa. Ubongo ukivimba, pale ndipo penye nafasi. Ukibonyea ni hatari, ukijaa ukakaza pia ni hatari. Watu wengi wanajua ule wa kwanza tu."

Kiganja changu kilikumbuka kabla yangu. Nilimtazama mama. Alikuwa akifunga leso ya mtoto, hana haraka.

Tukiwa njiani nikamuuliza kama alijua. "Sista wa wodi aliniuliza," akasema. "Alisema, utosi ulivimba hivi, hakuna mtu aliyeushika? Mama Odhis alikuwa nyuma yangu na chupa yake ya uji. Nikasema hakuna."

Akamweka mtoto sawa mgongoni, akashika njia. Sikumwomba nyongeza.

Lakini nilikumbuka siku ambayo kwa miaka yote hii nilikuwa nimeihesabu kama safari ya bure. Mdogo wetu Naliaka alikuwa amezaliwa majuzi tu, hata watu wa Bungoma hawajapata habari. Mama alimbeba kutoka Kawangware hadi Soweto West kwa miguu, mimi na mfuko nyuma, nikinung'unika. Tulimkuta Mama Odhis akichagua omena juu ya gunia. Alipotuona, mikono ikaingia ndani ya leso.

Mama akamwekea mtoto mapajani. "Mshike kichwa."

"Mama Nekesa, mimi siku hizi..."

"Nimetembea kutoka Kawangware, Mama Odhis. Shika."

Alimrudishia mama mtoto, akainuka akanawa kwa sabuni, akarudia. Akaweka kiganja. Safari hii hakufumba macho, alimtazama mama muda wote, na mama akamwacha atazame. "Yuko sawa," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Lakini mpeleke kliniki pia."

"Nitampeleka," mama akasema. Kisha akainama juu ya zile omena, akauliza bei, akaiponda, akasema hizi ni mchanga mtupu, akashikilia hadi Mama Odhis akasahau mikono yake, akaitupa hewani akimwita mama mwizi wa mchana, wote wawili wakicheka mpaka machozi. Mimi niliketi juu ya mfuko nikiona jua linazama, nimekasirika kabisa, nikidhani tumetembea njia yote ile kwa ajili ya omena.